Zamu Yangu ya Alhamisi

Mimi nina mdomo. Nilizaliwa nao, na marehemu bibi, aliyenipokea, alipenda kusema kwamba nilitoka tumboni nikigomba. Shuleni nilichapwa kwa sababu ya mdomo huu. Gulioni umenifaa, maana dalali aliyezoea kuwapangia bei wanawake wenzangu, kwangu alianza kwa salamu ndefu na kuulizia hali ya mama. Watu wa kijijini kwetu, huku juu ya Lushoto, walikuwa wakisema, "Yule binti ana mdomo," basi, wanaendelea na shughuli zao. Nalisema hili mwanzoni ili lieleweke. Mdomo nilikuwa nao kabla ya ugonjwa.

Niliugua siku chache baada ya kumzaa binti yangu. Usingizi ulikatika kabisa. Niliongea mchana na usiku, nikaamini mtoto wangu amebadilishwa, na asubuhi moja ya ukungu nikatoka peku kwenda kumtafuta yule wa kweli kwenye barabara ya kuteremkia Mombo. Sitapamba wala sitapunguza: niliumwa kweli, na niliumwa vibaya. Kaka yangu na wanaume wawili walinikamata, wakanifunga mikono kwa kamba ya katani, wakanipakia mshikaki kwenye bodaboda kunipeleka hospitali, dereva mbele, mimi katikati, kaka nyuma amenibana. Kovu la kamba liko kwenye mkono wa kushoto mpaka leo. Kaka alilia njia nzima. Hilo nalo ni kweli, na naliandika hapa kwa sababu huko mbele nitamsema sana.

Kabla ya hospitali nilikuwa nimeshapitishwa kwa watu. Mganga alisema ni jini. Jirani yetu Mlutheri alimleta mzee wa kanisa, akasema ni pepo. Nesi wa hospitali aliuliza nimelala lini mara ya mwisho, na hakuna mwingine aliyekuwa ameuliza hivyo. Nilikaa wodini wiki kadhaa, nikarudi na mfuko wa vidonge, nimekonda, vidole vinatetemeka kidogo, akili zangu zote ninazo. Mume wangu alikuwa ameshasema mke chizi hamwezi, akateremka zake Mazinde kufanya biashara, na huko yuko. Nikahamia kwa mama, mtoto mgongoni.

Mama hakuficha. Waliomuuliza nilikokuwa aliwaambia, hospitali, alikuwa anaumwa kichwa cha ndani, amepata dawa. Mficha maradhi, kifo humuumbua, ndivyo alivyowajibu wale waliomshauri aseme nilikwenda Tanga kumtembelea shangazi. Nilimpenda sana kwa jambo hilo, na bado nampenda.

Lakini ugonjwa uliondoka, jina likabaki. Nikicheka kwa sauti, watu wanatazamana: imeanza. Nikinyamaza: leo yuko mbali. Nikiimba nikiosha vyombo, jirani anachungulia juu ya ua wa masale kuona naimba nini. Haya yote niliyavumilia. Nililoshindwa kulivumilia ni kwamba walininyang'anya hasira. Mtu mwingine akikasirika, watu huuliza amefanyiwa nini. Mimi nikikasirika, wananiuliza, "Dawa umekunywa?" Muuza duka alipunja sukari yangu, nikamwambia apime upya, na wateja wawili wakasogea mlangoni taratibu. Nilipima upepo, nikachukua sukari iliyopunjwa, nikaondoka. Miaka miwili niliishi hivyo, natembea na mdomo wangu kama mtu aliyebeba yai.

Sasa nieleze habari ya maji, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka.

Mashamba yetu ya bondeni yananyweshwa na ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo ambalo wazee walilichimba juu ya mashamba, chini ya kijito. Jioni tunaliziba tundu lake kwa mawe, magome ya migomba na udongo, usiku kucha linajaa, na alfajiri mwenye zamu analizibua, maji yanashuka na mfereji mpaka shambani kwake. Kila shamba lina siku yake. Zamu inafuata ardhi, na ardhi bila zamu huku kwetu kiangazi ni malisho ya mbuzi. Baba alipofariki, kaka alipata kipande cha juu na zamu ya Jumanne. Mimi nilipata kipande cha chini na zamu ya Alhamisi. Baba aliyasema hayo kwa kinywa chake, wazee wakisikia.

Nilipokuwa hospitali, kaka alinishikia Alhamisi yangu. Niliporudi akasema, "Pumzika kwanza, mdogo wangu." Nikapumzika msimu mmoja. Msimu wa pili nikapanda karoti, na nikamwambia nataka kufungua maji mwenyewe. Akaniambia kamati ya maji haitaki. Wameona ni hatari, ndiva ina kina, na mtu wa hali yangu akizidiwa pale alfajiri peke yake nani atajua? Yeye atanifungulia, mimi nikae kwenye shamba niyapokee. Niliona ni maneno ya kiungwana, nikakubali.

Kiangazi kilipokolea, karoti zangu zikaanza kulegea. Alhamisi ya kwanza maji yalikuja kidogo. Alhamisi ya pili yalikuja kiasi cha kulowesha mstari mmoja. Ya tatu hayakuja. Nikapanda na mfereji kuyatafuta, na pale kwenye kipande cha kaka nikakuta mlango wangu wa maji umezibwa kwa matope mabichi na majani, umeshindiliwa kwa mguu, na kabichi zake zimesimama ndani ya maji. Alama ya buti lake ilikuwa pale pale kwenye tope. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilikwenda kwake. Alikuwa anakula makande na mkewe na watoto. Nilimwamkia, "Shikamoo kaka," akaitika, nikamuuliza Alhamisi ni ya nani. Akasema kabichi zilikuwa zinakufa, angenirudishia. Nikamwambia zangu nazo zinakufa, tofauti ni kwamba maji ni yangu. Sauti ilipanda, sikatai. Wifi yangu akasimama, akawakusanya watoto, akawaingiza ndani, akafunga mlango. Kaka akashusha sauti yake ikawa laini kabisa, kama mtu anayemsogelea ng'ombe aliyekata kamba. "Tulia. Dawa umekunywa leo?"

Mwizi ni yeye, na mgonjwa ni mimi. Nilisimama pale nikaona jinsi mtego ulivyotegwa vizuri. Nikinyamaza, maji yanakwenda. Nikisema, nimepandwa na wazimu, na aliyepandwa hawezi kushika zamu, kwa hiyo maji yanakwenda. Na nikiwa na kelele zaidi ya hapo, kamba ya katani ipo, bodaboda zipo. Niliondoka na hasira yangu tumboni.

Mama aliniambia kwa Kishambaa, maana mambo mazito hatuyasemi kwa Kiswahili nyumbani, kwamba ninyamaze, kwani karoti zitapandwa tena. Nikamuuliza, na shamba je? Mwaka mmoja kaka akishika Alhamisi, mwaka wa pili, wa tatu, watu watasema ni Alhamisi yake. Mtoto wangu atarithi nini, mbuzi wa watu wakila nyasi? Mama aliendelea kumenya viazi, maganda yakawa manene kuliko kawaida yake.

Jumamosi ikawa msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Ndiva ikijaa tope, kila mwenye shamba anatakiwa kuja na jembe kulizoa, na asiyekuja anapigwa faini. Kanuni yetu ni ya tangu enzi za babu: jembe lako likiingia ndivani, maji yako yatoke. Nilikwenda. Nilikuwa nakwenda siku zote, tangu mwezi niliorudi kutoka hospitali. Hakuna aliyewahi kuniambia nikae nyumbani kwa ajili ya usalama wangu. Waliniweka katikati, tope lilipo zito, kwa sababu nina mgongo mzuri wa kulima. Nilisimama humo tangu asubuhi mpaka adhuhuri, matope yamefika mapajani, nachota na kurusha, nachota na kurusha. Na nilipokuwa nachota ndipo jambo likanijia, nikaanza kucheka peke yangu. Mama mmoja akanitazama kwa wasiwasi. Mwache atazame.

Baada ya kazi watu walikaa kwenye ukingo, wakakung'uta majembe, na mwenyekiti wa kamati ya maji akasoma mambo yake. Ni mzee mwenye kofia ya pama, mwema kwa jumla, ila anapenda sana mambo yaishe mapema. Akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama. Nilikuwa nimejipanga: mikono nyuma, sauti chini, maneno machache.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba."

"Naomba zamu yangu ya Alhamisi irudi mkononi mwangu."

Kaka akatazama jembe lake. Mwenyekiti akavua kofia, akaifuta, akaivaa. "Binti yangu, sisi hatujakunyang'anya. Sisi tunakuonea huruma."

"Huruma hainyweshi karoti, mzee."

Wachache wakacheka. Yeye hakucheka. "Hii ndiva ina kina. Ukianguka humu, na hali yako ile, tutamwambia nini mama yako?"

Hapo nikashika gauni langu nikalipandisha mpaka magotini, nikawaonyesha miguu. Matope yalikuwa hayajakauka. "Leo nimesimama wapi tangu asubuhi?" niliuliza. "Mmeniweka katikati kabisa, wenyewe. Mwezi ule mwingine pia. Hakuna aliyeogopa nitaanguka. Siku ya msaragambo mimi ni mzima, nina jembe, nina jina kwenye daftari la mahudhurio. Siku ya kufungua maji ndiyo nakuwa kichaa. Hebu nielezeni ugonjwa huu unaojua siku."

Sauti haikupanda. Naapa haikupanda. Mtu mmoja nyuma akanong'ona, siyo kwa siri kubwa, "Muulizeni kama amekunywa dawa." Nilikuwa nimelingoja hilo. Nikatoa karatasi ya vidonge kifuani, nikaiinua watu waione.

"Nimekunywa jana, na leo nitakunywa. Nitakunywa mpaka daktari aseme basi. Wewe mzee mwenyekiti, ya presha umekunywa?"

Watu wakaangua kicheko, na yeye akajikuta anapapasa mfuko wa shati. Alikuwa hajanywa. Mkewe, aliyekaa na wanawake wenzake, akasema kwa sauti kwamba huwa hanywi mpaka akumbushwe.

Lakini mwenyekiti hakuwa mjinga. Aliuliza swali lenyewe, lile ambalo wote walikuwa nalo. "Sawa. Na ukikasirika je? Maji yana magomvi. Siku mtu akikuibia, ukakasirika, itakuwaje?"

"Nikikasirika nitakasirika," nikasema. "Wewe mwaka jana ulimkimbiza mtu kwa fito kutoka hapa mpaka msikitini, kofia ikaanguka kwenye mfereji, tukaiokotea kule chini kwa mama. Hakuna aliyekwenda kutafuta kamba."

Sijui kama ni neno kamba au ni nini, lakini kicheko kilikatika. Kaka akainua uso akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile. Nilishusha mkono wangu wa kushoto kwenye mkunjo wa gauni.

Uamuzi wao ulikuwa hivi: Alhamisi nifungue maji kwa majaribio, na kaka asimame karibu aniangalie. Aniangalie yeye aliyeniibia! Nilikubali. Sikukubali kwa kuwa ni haki. Karoti zilikuwa na siku chache tu za kuishi, na mwenye shida hachagui mlango wa kuingilia.

Alhamisi niliamka kabla ya adhana. Baridi yetu ya kiangazi inauma vidole, na ukungu ulikuwa umelala juu ya ndiva. Kaka alikuwa ameshafika, amevaa koti la baba, jembe begani. Tulisalimiana basi. Nikaingiza mkono kwenye tundu, nikatoa udongo, nikatoa magome, nikasukuma jiwe la mwisho kwa mti. Maji yakatoka na ule mlio wake wa kukoroma. Nilikuwa sijausikia kwa karibu tangu kabla ya kuugua. Nililia kidogo, na kaka akageuka upande mwingine. Sijui alijizuia kuuliza lile swali lake au halikumjia.

Nikateremka na maji, nikitembea nayo sambamba. Yakafika kwa kaka, yakapita. Yakafika kwangu, yakaingia mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Katikati ya mstari wa nne yakapungua, yakawa uzi, yakakata.

Nikapanda mbio. Katikati ya mteremko kuna shamba la pilipili hoho la bwana mmoja, mtu mzima, mwenye gari la kubebea mboga na heshima zake. Alikuwa amechinja ukingo wa mfereji kwa jembe, maji yangu yote yanamwagika kwake, naye amesimama anayaongoza kwa mguu bila haraka. Hakushtuka aliponiona. Alisema, "Aa, kumbe ni wewe unayefungua leo. Nilijua ni kaka yako. Ngoja nimalizie huu mstari, mgonjwa."

Neno la mwisho lile.

Jamani, nilifungua mdomo. Wa bibi, wa shuleni, wa gulioni, wote ulikuwa mzima ndani yangu, umelala miaka miwili. Nilimwambia yeye ni mwizi wa mchana, nikamtajia gari lake na nani aliwahi kulisukuma, nikamuuliza kama mama yake alimfundisha kunywa katika kikombe cha mwenzake. Sauti yangu ilipiga mlima wa pili ikarudi. Wanawake waliokuwa wakipanda na matenga yao kwenda gulioni wakasimama njiani. Mmoja akatua tenga. Yule bwana akarudi nyuma hatua mbili, akainua mikono kwa watu.

"Mnamuona? Imempanda! Mshikeni kabla hajaniua!"

Na hapo kaka akatokea, anakuja mbio kwenye ukingo wa mfereji, koti la baba linapepea. Alisimama akanitazama. Nilimtambua mtazamo ule. Ndio ule ule wa asubuhi ya barabara ya Mombo. Watu wote walikuwa wanamtazama yeye, wanangoja aseme, na nikajua kwamba lolote atakalosema ndilo nitakalokuwa, mimi na shamba langu na mtoto wangu.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kuweka mikono nyuma, nikaongea kwa upole, wakanisifu kwamba leo ametulia. Nilifikiri hivyo kwa muda wa kuvuta pumzi moja, halafu nikaona kwamba nikinyamaza sasa nitanyamaza mpaka nizikwe. Sikushusha sauti. Nilimgeukia kaka na yeye nikampa vyake: kabichi, buti, mlango ulioshindiliwa, "tulia" zake. Nilimwambia kama ameleta kamba aitoe, mikono hii hapa. Nikainyoosha mikono, kovu likiwa juu.

Kaka aliliangalia kovu. Nadhani alikuwa hajawahi kuliona mchana.

"Mshike basi!" akasema yule bwana.

"Nimshike ana nini?" kaka akasema. "Amekasirika. Umemwibia maji, amekasirika. Ziba hapo."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesema leo ni Alhamisi. Mwanamke aliyetua tenga akadakia, "Hata mimi ningekasirika," akamuomba mwenzake amtwike, wakaendelea na safari yao, wakijadili bei ya peasi. Hivyo tu. Hakuna aliyekimbia, hakuna mtoto aliyeingizwa ndani. Yule bwana alibaki na jembe lake, akaanza kuziba, na kwa kuwa alikuwa anaziba polepole niliendelea kumgombeza mpaka tone la mwisho lilipogeuka.

Kaka hakuniomba radhi siku ile. Aliteremka na mimi, akachukua jembe, akafungua mistari yangu mmoja baada ya mwingine mpaka jua likapanda, kisha akasema anakwenda kula, na Alhamisi ijayo hatakuja, ana kazi zake. Nikamwambia asije. Jioni nilikunywa kidonge changu barazani, si chumbani nilikozoea kujificha, na karoti zilikuwa zimeanza kuinua majani.

Mama aliniuliza nilichokula, akaniambia sauti yangu ilifika mpaka nyumbani. Alikuwa anampiga mswaki mtoto. Nikamuuliza kama aliogopa.

"Niogope nini?" akasema. "Nilimwambia mtoto, umesikia? Mama yako amerudi."